Sheria, Msimbo na Jaribio: Uzi Usiopaswa Kukatika

Katika mijadala yetu ya utawala tumezoea kuuliza maswali matatu kuhusu kila sheria: nani aliitunga, nani anaitekeleza, na nani anaukagua utekelezaji wake. Lakini sheria hiyo hiyo ikishaingizwa ndani ya kompyuta, maswali hayo hutoweka. Waziri huzindua mfumo, utepe hukatwa, picha hupigwa, na kuanzia siku hiyo jibu la mwisho analopewa mwananchi dirishani huwa ni maneno mawili tu: "mfumo umekataa". Hakuna anayeuliza mfumo umekataa kwa kifungu gani, kwa maelekezo ya nani, wala nani aliwahi kuupima kabla haujapewa mamlaka ya kukataa.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Mfumo wa umma usioweza kuonyesha ni hitaji gani lililozaa kila sehemu ya msimbo wake, na ni jaribio gani linalothibitisha kwamba hitaji hilo limetimizwa, ni mfumo usiowajibika, hata uwe wa kasi na wa kupendeza kiasi gani. Ninaposema msimbo nina maana ya maelekezo yanayoandikwa na watengenezaji wa programu ili kompyuta iyafuate. Kuyaunganisha mambo haya matatu, yaani hitaji, msimbo na jaribio, kwa kawaida huachiwa mafundi kana kwamba ni kazi ya karani. Mimi naiona ni kazi ya kikatiba.

Nianze na mbinu inayotawala utengenezaji wa programu siku hizi. Mnamo Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa ilani fupi iliyozaa kile kinachoitwa ajaili. Walikuwa wamechoshwa na utaratibu wa zamani: mahitaji yote yaandikwe mwanzoni katika jalada nene, litiwe saini, kisha mafundi wajifungie kwa miaka miwili au mitatu, na majaribio yafanywe mwishoni, wakati fedha zimekwisha na mteja ameshabadilisha mawazo. Badala yake walipendekeza kazi igawanywe vipande vidogo, kila kipande kikamilishwe katika majuma machache, mteja akione, aseme, na kazi iendelee. Walisema kwamba wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Lakini katika ilani hiyo hiyo walikiri kwamba nyaraka nazo zina thamani yake. Walichokifanya ni kuonyesha kipi kitangulie.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyosahaulika. Katika miradi mingi neno ajaili limegeuzwa kuwa ruhusa ya kutoandika kitu. Ukiuliza orodha ya mahitaji iko wapi, utaambiwa hatuandiki, tunafanya ajaili. Ukiuliza jaribio la kipengele fulani liko wapi, utaambiwa kilipimwa, tatizo ni kwamba aliyekipima ameshaacha kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mifumo ya umma mali inayopotea ni haki ya mtu, na mara nyingi hupotea bila mwenyewe kujua imepotelea hatua gani.

Ukweli ni kwamba ajaili ikifuatwa kwa uaminifu huukaza uzi kuliko mbinu ya zamani. Kila hitaji huandikwa kama maelezo mafupi yenye sehemu tatu: mimi ni nani, nataka nini, na kwa sababu gani. Mfano: "Kama mstaafu, nataka kuona makato yote ya pensheni yangu, ili nijue kama nimelipwa stahiki yangu." Maelezo hayo hupewa namba. Chini yake huandikwa vigezo vya kukubalika, navyo huweza kuwekwa katika umbo ambalo hata asiye fundi analielewa: ikiwa hali ni hii, na jambo hili likitokea, basi matokeo yawe haya. Fundi anapoandika msimbo, kila badiliko analoliweka katika hifadhi ya programu hubeba namba ile ile. Jaribio nalo hubeba namba hiyo, na huendeshwa na mashine yenyewe kila mara msimbo unapoguswa. Kent Beck, mmoja wa wale 17, alikwenda mbali zaidi akafundisha kwamba jaribio litangulie msimbo: kwanza andika jaribio lishindwe, kisha andika msimbo wa kulifanya lifaulu.

Faida ya uzi huu ni kwamba unasomeka kutoka pande zote mbili. Ukianza na hitaji, unaweza kuuliza kama kila kilichoahidiwa kimetengenezwa na kimepimwa. Ukianza na msimbo, unaweza kuuliza kama kila kilichotengenezwa kiliombwa na mtu mwenye mamlaka ya kukiomba. Watu wa usafiri wa anga hawafanyi mzaha na jambo hili. Kiwango cha DO-178C, kinachotumika kuidhinisha programu za ndege za abiria, hudai uzi huo uonekane kwenda na kurudi, na msimbo usio na hitaji nyuma yake lazima utolewe maelezo. Nauliza: ikiwa programu inayoendesha ndege hairuhusiwi kuwa na mstari usio na asili, kwa nini programu inayoamua nani apate ruzuku, nani afutwe katika daftari la wanufaika na nani adaiwe kodi iruhusiwe?

Mfano unaonishawishi kuliko yote unatoka Australia, katika mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt. Serikali ya nchi hiyo hutoa posho kwa watu wasio na ajira na wenye kipato kidogo. Sheria ilitaka stahiki ya mtu ipimwe kwa kipato alichokipata katika kila kipindi cha majuma mawili. Kuanzia 2015 kwa majaribio, kisha kwa upana mwaka 2016, serikali ilianza kutumia kompyuta kulinganisha kipato ambacho watu walikuwa wamekitaja na taarifa za mamlaka ya kodi. Taarifa hizo za kodi zilikuwa za mwaka mzima. Tofauti ilipoonekana, mtu aliandikiwa barua atoe maelezo. Asipojibu, au asipoweza kupata hati za mishahara ya miaka iliyopita, kipato chake cha mwaka kiligawanywa kwa 26, kikachukuliwa kwamba ndicho alichokipata katika kila majuma mawili, na deni likahesabiwa juu yake.

Tulitazame kosa hili kwa hesabu ndogo. Chukua kijana aliyefanya kazi nusu ya mwaka, akalipwa dola 2,000 katika kila moja ya vipindi 13. Jumla yake ni dola 26,000. Kisha akapoteza kazi, akakaa vipindi 13 vilivyobaki bila mapato, akapokea posho kwa haki kabisa. Gawanya dola 26,000 kwa 26, unapata dola 1,000. Machoni pa mfumo, kijana huyu alikuwa akipata dola 1,000 katika kila kipindi alichosema hana kitu. Kwa hiyo ni mwongo, na anadaiwa. Hakukuwa na uongo wowote. Mfumo ulikuwa ukijibu swali ambalo sheria haikuliuliza.

Sasa tazama uzi ulikatikia wapi. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Jaribio linalouliza tu kama kompyuta imegawanya kwa 26 sawasawa lingefaulu kila siku ya mwaka. Jaribio lililohitajika ni lile linalotoka kwenye kifungu cha sheria: ikiwa mtu alifanya kazi nusu ya mwaka na akataja kipato chake kwa ukweli, na taarifa zake za kodi zikiingizwa, basi mfumo usimdai chochote. Jaribio hilo lina mistari mitatu. Lingeshindwa siku ya kwanza, na kushindwa kwake kungekuwa ushahidi wa maandishi kwamba msimbo na sheria vimeachana.

Tume ya Kifalme iliyoongozwa na jaji mstaafu Catherine Holmes, ambayo ripoti yake ilitolewa Julai 2023, ilionyesha kwamba mwaka 2014, kabla mpango haujaanza, wizara inayohusika na sera ilikuwa imepata ushauri wa kisheria wa ndani uliosema kwamba kutumia wastani namna hiyo hakupatani na sheria. Kumbe hitaji lilijulikana na lilikuwa limeandikwa. Lakini lilibaki katika jalada la wizara moja, wakati mfumo ukijengwa na kuendeshwa na wizara nyingine. Hakukuwa na uzi wa lazima unaolitoa hitaji hilo kwenye jalada la mwanasheria hadi kwenye meza ya fundi, na kutoka hapo hadi kwenye chumba cha majaribio. Wenye mamlaka ambao hawakutaka kulisikia hawakulazimika kulisikia.

Gharama yake inajulikana. Novemba 2019 serikali ilikubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni la mlalamikaji mmoja, lililotokana na wastani huo, halikuwa halali. Mei 2020 ilitangaza kurejesha dola milioni 721 za Australia zilizotokana na takriban madeni 470,000. Juni 2021 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya pamoja ya waathirika. Tume ilisikia pia ushahidi wa wazazi waliowapoteza watoto wao waliojiua baada ya kuandamwa na madeni hayo. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni lisilokuwapo halina dawa, na wapo waliolilipa kwa uhai.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa. Mtu atasema kwamba Robodebt lilikuwa tatizo la siasa, si la programu: viongozi walitaka kuokoa fedha, na hakuna jaribio linaloweza kumzuia kiongozi aliyeamua. Sehemu ya kwanza naikubali. Sehemu ya pili siikubali. Uzi wa mahitaji na majaribio hauzuii dhuluma kwa nguvu, lakini huinyima dhuluma mahali pa kujificha. Jaribio linaposhindwa, mtu mwenye jina lazima aamue kulifuta au kulipuuza, na uamuzi huo hubaki katika kumbukumbu pamoja na tarehe yake. Kutojua hakuwezi tena kuwa utetezi. Huo ndio uwajibikaji wenyewe, na ndiyo maana wengi hawautaki.

Pingamizi la pili ni la mafundi: kwamba kuunganisha kila kitu kunachelewesha kazi, na kwamba majedwali makubwa ya ufuatiliaji hupitwa na wakati kabla wino haujakauka. Wana haki kuhusu majedwali. Jedwali linalojazwa kwa mkono mwishoni mwa mradi, ili mkaguzi aridhike, ni maiti iliyovishwa nguo. Lakini namba moja inayobebwa na hitaji, badiliko la msimbo na jaribio haimchukulii fundi hata dakika moja, na mashine inaweza kuutoa uzi wote wakati wowote ukihitajika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa Australia ulijengwa kwa mamia ya mamilioni ya dola.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 86, inadai kwamba mfumo wowote wa kupigia kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na wa uwazi. Hayo ni mahitaji ya mfumo, na yameandikwa katika sheria kuu ya nchi. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, suala moja lililoamua kesi lilikuwa uthibitishaji. Mahakama ilikuwa imeagiza seva za Tume ya Uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe, Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu, na majaji walio wengi waliihesabia jambo hilo dhidi yake. Somo ninalolipata ni hili: sifa ya kuthibitika haiongezwi baada ya uchaguzi. Ama ilijengwa ndani ya msimbo na kupimwa kabla, ama haipo.

Miaka minne baadaye, tarehe 14 Oktoba 2021, Mahakama Kuu ya nchi hiyo hiyo iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa batili kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa binafsi, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaidai. Hapa napo hitaji lilikuwa limeandikwa wazi. Kadi zilitengenezwa. Hatua ya kupima kama hitaji limetimizwa ndiyo iliyorukwa, na wananchi ndio waliolazimika kwenda mahakamani kuidai.

Kuna swali jingine ambalo ajaili inatulazimisha tuulize, nalo ni la kisiasa kabisa. Katika kila kikundi cha ajaili huwapo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupanga kipi kitangulie na kusema kipande hiki nimekipokea. Katika kampuni binafsi mtu huyo humwakilisha mteja. Katika mradi wa umma humwakilisha nani? Mara nyingi kiti hicho hukaliwa na ofisa wa tehama au na mshauri aliyetumwa na mzabuni. Mwanasheria wa wizara, karani anayekutana na wananchi dirishani, na mwananchi mwenyewe hawamo chumbani. Vigezo vya kukubalika vikiandikwa na watu wasioijua sheria wala foleni, majaribio yatafaulu yote na mfumo utakuwa mbovu.

Kwa watumishi wa umma, hasa mnaoandika hadidu za rejea na kusimamia manunuzi, nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila hitaji katika mkataba liwe na namba, na pale linapotokana na sheria au kanuni, kifungu chake kitajwe. Pili, malipo ya kila awamu yafungamanishwe na majaribio yanayoendeshwa mbele yenu, si na maonyesho ya skrini zenye rangi nzuri. Tatu, uzi wote, yaani mahitaji, historia ya msimbo na majaribio, ukabidhiwe serikalini kama mali ya umma pamoja na mfumo. Mtaona faida yake kila mwezi wa Julai. Mwaka mpya wa fedha unapoanza Nairobi, Dodoma na Kampala, viwango vya kodi na tozo hubadilika. Mwenye uzi hutazama kifungu kilichobadilika, akajua ni msimbo upi uguswe na ni majaribio yapi yaandikwe upya. Asiye na uzi hubadilisha na kuomba dua.

Kwa wanaharakati: kudai msimbo uwekwe wazi ni jambo jema, lakini halitoshi. Mistari laki moja ya msimbo haiwezi kusomwa na mwananchi wala na jaji. Dai orodha ya mahitaji na majaribio yake, kwa sababu hiyo imeandikwa kwa lugha ya binadamu. Uganda ina sheria ya kupata taarifa tangu 2005. Kenya na Tanzania zilitunga za kwao mwaka 2016. Zitumieni kuuliza maswali mahususi: hitaji namba fulani lilitoka kifungu gani, lilipimwa lini, na matokeo yalikuwaje? Usisahau pia kuusoma uzi kwa kurudi nyuma. Fomu ya mtandaoni inapokuuliza dini yako, au programu ya simu inapotaka kujua ulipo saa zote, uliza ni hitaji gani lililoagiza hivyo. Kama halipo, basi kuna mtu aliyejiongezea mamlaka ambayo hakupewa na Bunge.

Kwa wanafunzi wangu na wa wenzangu: nasoma ripoti nyingi za miradi ya mwaka wa mwisho. Sura ya tatu ina mahitaji, sura ya nne ina mfumo, sura ya tano ina majaribio, na sura hizo hazisalimiani. Mahitaji 20 yanatajwa, majaribio manane yanaonyeshwa, na matano kati yake yanahusu kuingia kwa nywila. Mnajifunza hapa tabia mtakayokwenda nayo wizarani, benki na hospitalini. Anzeni sasa kuandika namba ya hitaji kwenye kila badiliko la msimbo, na kuandika jaribio kwa kumfikiria mtu atakayeumia mkikosea: mstaafu, mgonjwa, yule kijana aliyefanya kazi nusu ya mwaka.

Kompyuta haikatai mtu. Hutekeleza uamuzi uliofanywa na watu, ukaandikwa na watu, na ambao watu walipaswa kuupima. Mtakapoambiwa tena kwamba mfumo umekataa, ombeni mambo matatu kwa adabu na kwa msimamo: kifungu, msimbo uliokitekeleza, na jaribio lililothibitisha kwamba hivyo viwili vinapatana. Ofisi inayoweza kuvitoa vyote vitatu inastahili kuaminiwa hata inapokataa. Isiyoweza haina haki ya kukataa.